Neno Bishvil na Jiwe Ambalo Bado Sijalichonga

Siku ile karakanani tulikuwa watano, na ninawataja wote mapema kusudi msinikatize katikati kuuliza huyu ni nani na yule ametoka wapi. Alikuwepo Armand, mwenye karakana, Mbelgiji aliyenifundisha kuchonga mawe ya makaburi. Alikuwepo Madame Colette, mjane, amekaa kwenye kiti chetu pekee chenye mgongo. Alikuwepo shemeji yake, Bwana Shaul, mwalimu mstaafu wa Kiebrania, ambaye hakutaka kukaa popote. Alikuwepo mdogo wangu Béatrice, ambaye hakualikwa na mtu. Hakuwa na zamu hospitalini kule Jette, akaniletea bukari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, na alipokuta watu wanabishana akaona chakula kinaweza kusubiri. Na mimi, Ngoy, nimeshika penseli, naumwa na njaa.

Ubishi wenyewe ulikuwa juu ya neno moja. Neno la Kiebrania lenye maana ya "ili."

Najua mnavyocheka. Ninyi ndio wale wale mnaonizunguka pale Ixelles tukitoka misa: Papa Ngoy, siku hizi si kuna mashine za kuchonga? Papa Ngoy, wewe uliyeacha shule mapema, Kiebrania ulikitoa wapi? Nami nasimama kwenye baridi najibu, na ninapofika katikati ya jibu, nusu yenu mnaangalia simu. Bon, nimechoka. Nimeandika. Someni mkiwa mmekaa, na simu iwe mbali.

Kwanza tuelewane: sijui Kiebrania. Siwezi hata kuomba maji kwa Kiebrania. Ninachojua ni herufi zake, kama fundi cherehani anavyojua mabega ya mteja bila kujua tabia yake. Na ninajua maneno machache yanayorudi rudi kwenye mawe, kwa sababu wafiwa hawana maneno mengi. Herufi mbili juu, zinazosema hapa amelazwa fulani. Jina. Herufi tano chini, za kumwombea uzima wa milele. Katikati, wakitaka, sentensi moja. Na katika sentensi hiyo moja, msinisumbue kuuliza kwa nini, karibu kila mtu anataka kuweka "ili." Ili tukumbuke. Ili watoto wajue. Ili upumzike. Mtu akifa, walio hai wanatafuta kusudi, na wakilikosa kila mahali wanakuja kulitafuta kwa mchonga mawe.

Nilikuwa mtoto wa kwanza kwetu Lubumbashi. Baba alitangulia, mama akafuata, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne. Nikaacha shule nikaenda kwa bwana mmoja aliyekuwa akitengeneza misalaba ya saruji. Sikulia na wala sitaki mnihurumie. Nilikuwa na mikono, wao walikuwa na matumbo, hesabu ilikuwa rahisi. Nilipofika Brussels miaka mingi baadaye, nilichojua kilikuwa kile kile, na Armand wa Auderghem alikuwa anatafuta mtu asiyeogopa kunyanyua.

Armand alikuwa mtu wa kunung'unika. Alininung'unikia nilivyoshika patasi, nilivyopiga nyundo, nilivyofagia. Alinifundisha kwamba herufi kwenye jiwe haisomwi kwa rangi, inasomwa kwa kivuli. Mfereji wake lazima ushuke kama kifua cha mtumbwi, pande mbili zikutane chini kabisa kwenye mstari mmoja, na jua likipita upande mmoja, upande wa pili uwe giza. Rangi ya dhahabu mnayoipenda ninyi inabanduka. Kivuli hakibanduki. Alinifundisha pia kulowesha kidole na kukipitisha ndani ya kila herufi kabla ya kuondoka nyumbani jioni, maana kidole kinaona kilichoyapita macho.

Ni kidole chake kilichonikamata katika kosa langu la kwanza la Kiebrania. Katika herufi hizo kuna mbili, daleti na reshi, zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja. Daleti ina kikona kidogo kinachotokeza nyuma, reshi ina mgongo wa mviringo. Basi. Tofauti yote ndiyo hiyo, kikona cha kutosha kukaa punje ya mchele. Nilikuwa nachonga neno kedei, yaani "ili," kwenye kibao cha mazoezi, katika sentensi "ili tukumbuke." Nikaizungusha daleti vizuri sana. Nikajisifu moyoni kwa ulaini wa mgongo ule.

Armand akapitisha kidole, akasimama. "Hii nini?"

"Ni daleti."

"Daleti yako imekula sana," akasema. "Imenenepa mgongo. Mpelekee Shaul."

Bwana Shaul ndiye aliyekuwa akitukagulia maandishi ya Kiebrania kabla hatujagusa jiwe. Alikuja na penseli nyekundu mfukoni mwa shati, alikunywa kahawa ya Armand huku akiilaani, na alisahihisha kila kitu, hadi bei ya mkate kwenye gazeti lililofunikia meza. Alitazama kibao changu muda mrefu.

"Bwana Ngoy," akasema, "umeandika: mito ya kulalia tukumbuke."

"Mito?"

"Mito. Ya kuweka kichwa. Kwa reshi, ni mito. Familia itasimama makaburini, imevaa nyeusi, na jiwe litawatajia matandiko."

Armand alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila nilipochelewa asubuhi aliniuliza kama mito ilikuwa laini. Miaka mingi. Utani wa Armand ulikuwa kama graniti, haukuchakaa.

Lakini Bwana Shaul hakuniacha hivyo hivyo. Alikuwa mwalimu, na mwalimu akimkuta asiyejua hawezi kupita. Akaanza kunieleza maneno ya kusudi, wiki baada ya wiki, nami nikiwa na vumbi puani na kazi imesimama. Alinichosha sana yule mzee, Mungu amrehemu. Hata hivyo nilishika.

Lipo lema'an, ndilo la maandiko ya zamani, limevaa joho. Ukiliweka kwenye jiwe, hata marehemu aliyekuwa fundi bomba anaonekana nabii. Lipo al menat, limevaa tai. Linatoka ofisini na mahakamani. Jumuiya mbalimbali hulipenda kwenye vibao vya ukumbusho. Lipo kedei, limevaa shati safi lililopigwa pasi, na unaweza kwenda nalo popote. Na wakati mwingine huhitaji neno lolote, kitenzi chenyewe kinabeba kusudi, kama sisi tunavyosema "nimekuja kukuona" na hakuna anayeuliza "ili" iko wapi.

Halafu lipo bishvil.

"Bishvil," alisema Bwana Shaul, na hapo uso wake ulibadilika kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali, "ni kwa ajili ya. Kwa ajili ya nani? Ya mtu. Ya kitu. Keki hii ni bishvil Armand. Vizuri. Lakini mitaani watu wanasema bishvil kisha wanabandika kitenzi. Nimekuja bishvil kula, nimetoka bishvil kuvuta sigara. Kwa kitenzi tuna kedei. Mungu ametupa kedei. Kwa nini wanamtesa bishvil?"

Nikamwambia kwamba kwetu tunasema "kwa ajili ya kula" na hakuna anayeumia.

"Basi lugha yenu ina uvumilivu," akajibu. "Yangu haina, na mimi sina."

Nawaeleza haya yote si kwa kujionyesha. Nawaeleza kwa sababu bila kuyajua mtaona watu wazima watano waligombana asubuhi nzima kwa wazimu tu.

Marehemu aliitwa Yoram. Alikuwa mdogo wake Bwana Shaul na mume wa Madame Colette. Alikuwa amezikwa kwenye eneo la familia, na kwa taratibu za pale, jiwe halisimamishwi mpaka mkubwa wa familia akubali maandishi. Mkubwa alikuwa Shaul. Na kwa desturi yao jiwe lilitakiwa lisimame kabla mwaka wa msiba haujaisha, na mwaka ulikuwa unaisha. Madame Colette alitaka kitu kimoja tu. Alitaka sentensi ya kwanza ambayo mumewe aliwahi kumwambia, kama alivyoisema. Aliitamka polepole, nami nikaiandika kwa herufi zetu za kawaida: Bati bishvil lishmo'a otakh. Nimekuja ili nikusikie.

Mmeiona? Bishvil, na nyuma yake kitenzi.

Bwana Shaul akatoa penseli nyekundu. "Kedei," akasema. "Bati kedei lishmo'a otakh. Hiyo ndiyo sentensi."

"Hakusema hivyo," akasema Madame Colette.

"Ndicho alichokusudia."

"Sijakuuliza alichokusudia, Shaul. Ninajua alichosema."

"Colette, mdogo wangu alijua Kiebrania. Nilimfundisha mimi mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, kwa rula. Yoram asingeweza kusema kosa hilo."

"Alilisema. Kwangu."

Armand alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote, na ninyi mnaotaka kuingia kazi za kukutana na wafiwa ishikeni: mchonga mawe hafungui mdomo katika ugomvi wa familia. Anasubiri. Wakishaafikiana, wanatia sahihi, anachonga. Armand mwenyewe ndiye aliyeivunja siku ile, kwa sababu alikuwa na njaa kama mimi. Alikuwa ameokota Kiebrania kidogo kutoka kwa Shaul, akaona njia ya mkato.

"Tuondoe kitenzi," akasema. "Bati bishvilekh. Nimekuja kwa ajili yako. Bishvil linabaki, Madame amefurahi. Linafuatwa na mtu, Shaul amefurahi. Tule."

Bwana Shaul akafikiri. "Ni sahihi," akasema. "Ni sahihi kabisa."

"Ni uongo," akasema Madame Colette.

Tukamwangalia wote.

"Hakuja kwa ajili yangu. Hakunijua. Alikuwa anapita barabarani, akasikia watu wanaimba, akaingia. Nikiandika kwamba alikuja kwa ajili yangu nitakuwa nimemsingizia, na hawezi kunijibu."

Hapo mimi nikaona nijaribu ya kwangu. Nilisema, kwa heshima, tuondoe hata bishvil, tuache kitenzi peke yake. Bati lishmo'a otakh. Nimekuja kukusikia. Hakuna kosa, hakuna uongo, na mstari unakuwa mfupi, unakaa vizuri kwenye jiwe. Nilijiona nimemaliza kazi. Bwana Shaul alitikisa kichwa kwamba ndiyo, hata akanitazama kwa fahari, kama mwanafunzi wake.

Madame Colette akaikunja mikono yake mapajani.

"Bwana Ngoy, hilo ndilo neno pekee nisiloweza kuliondoa," akasema.

Ndipo alipotusimulia. Alikuwa msichana, anaimba kwaya katika ukumbi mdogo hapo Ixelles. Walipomaliza, kijana mmoja mgeni alikuwa amesimama mlangoni, hajui Kifaransa hata kidogo. Ametoka Haifa wiki ile. Colette alikuwa na Kiebrania cha utotoni, maneno ya kuokoteza, akamuuliza: kwa nini umekuja? Kijana akajibu, al menat lishmo'a otakh. Colette hakuelewa. Kijana akashuka, akasema kedei lishmo'a otakh. Colette hakuelewa bado, akacheka kwa aibu. Basi kijana akatafuta chini zaidi, akasema bishvil. Na bishvil Colette alilijua, kwa sababu baba yake alipomletea peremende alisema hizi ni bishvilekh, kwa ajili yako. Uso wake ukachangamka. Kijana alipoona hivyo akalishika neno lile lile, akaweka kitenzi nyuma yake, akagusa sikio.

"Lishmo'a," akasema Madame Colette, naye akagusa sikio lake. "Alikuwa na maneno mazuri, Shaul. Ulimfundisha vizuri. Aliyaacha yote mawili, akaja nilipokuwa."

Nilimtazama Bwana Shaul nikidhani sasa atalegea. Yeye aliigeuza penseli yake vidoleni, mara moja huku, mara moja kule.

"Hukuwahi kunisimulia," akasema.

"Ungemsahihisha."

"Ningemsahihisha," akakubali. Kisha akasema, "Baba yetu amelala hatua chache kutoka kwa Yoram. Siwezi kuweka kosa la sarufi mbele ya baba."

Jamani. Nilitaka kutupa penseli. Béatrice, aliyekuwa amesimama karibu na sufuria yake bila kuelewa nusu ya mambo, akanivuta mkono.

"Yaya," akasema, maana kwetu ndivyo anavyoitwa kaka mkubwa, "ule papa anakatala nini?"

"Anasema neno si sahihi."

"Si sahihi kwa nani?"

"Kwa sarufi, Béa. Nyamaza."

"Sarufi," akasema. "Maman alituachaka na sarufi gani?"

Lazima niwaambie hili. Mama yetu, siku ya mwisho, aliniita akasema: "Ngoy, nakuachia bale batoto juu ya kubachunga." Hivyo ndivyo tunavyosema Lubumbashi, nanyi mnajua. Juu ya kubachunga. Mwalimu wangu wa Kiswahili, yule aliyenifundisha kabla sijaacha shule, angepitisha wino mwekundu kwenye "bale," kwenye "batoto" na kwenye "juu ya," akaandika pembeni: ili uwachunge. Angekuwa na haki. Lakini maisha yangu yote nimeyafanya kwa amri ile ya "juu ya," si kwa ile ya "ili." Wadogo wanne walisoma kwa "juu ya." Béatrice alivaa sare ya hospitali kwa "juu ya."

Béatrice hakusubiri ruhusa yangu. Alimgeukia Bwana Shaul na kumweleza yote kwa Kifaransa, maneno ya mama, na "juu ya," na jinsi Kiswahili cha vitabuni kinavyosema, huku ameshika kijiko cha sombe. Nilitamani sakafu inimeze. Bwana Shaul alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu kwa mtu yeyote anayeeleza jambo la lugha.

"Madame," akamwambia Béatrice, "kama ningekuwa mwalimu, na mama yenu ndiye mwanafunzi, saa ile ningenyamaza. Lakini maneno yake hayakuchongwa kwenye jiwe."

"Alichonga kwa huyu," akasema Béatrice, akanigonga paji la uso na kijiko.

Armand akacheka. Madame Colette akacheka, mara ya kwanza tangu aingie, na mimi nikapangusa sombe kwenye nyusi. Bwana Shaul hakucheka. Alitafuta mahali, akakaa juu ya gunia la mchanga, na alipokaa nikaona kumbe ni mzee sana.

"Nisikilizeni," akasema. "Colette, ninakuamini. Yoram alikosea makusudi, kwa ajili yako, na ni kosa zuri kuliko sentensi zote nilizosahihisha. Lakini mlikuwa wawili. Ulimwona uso, akagusa sikio. Jiwe halina uso. Haliwezi kugusa sikio. Atakuja mtu asiyetujua, atasoma, ataona tu Myahudi wa Haifa ambaye hakujua lugha yake. Miaka hamsini baadaye Yoram atakuwa hivyo hivyo, mjinga, wala hutakuwepo kumwambia mlangoni kulikuwa na nini."

Na hapo, kwa hasira yangu yote, nikaona naye ana haki. Vijana, hakuna kinachochosha kama ugomvi ambao pande zote mbili zina haki. Mwenye kosa unaweza kumchukia ukalala vizuri. Hawa wawili, ungefanya nini?

Madame Colette aliikunjua mikono yake. Halafu akanigeukia mimi, si Shaul.

"Bwana Ngoy, ule mstari wa katikati, unaweza kuuacha wazi?"

"Wazi vipi, Madame?"

"Uchonge jina. Herufi za juu na za chini. Katikati usuguliwe vizuri, usiandike kitu."

Nikasema inawezekana. Pasuguliwe mpaka pang'ae, pakae kama mstari unaosubiri.

"Nitakuwa nikienda kumwambia mwenyewe," akasema. Kisha, kwa Shaul: "Na jiwe langu? Nitazikwa pembeni yake. Nalo utalikataa?"

"Jiwe lako ni mdomo wako," akasema Bwana Shaul. "Mtu haruhusiwi kumtilia mwingine kosa mdomoni. Katika mdomo wako mwenyewe, kosea upendavyo."

Madame Colette akachukua karatasi pale mezani akaandika kwa mkono wake wa taratibu, kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia: Bata bishvil lishmo'a oti. Ulikuja ili unisikie. Akampa Shaul. Nilisimama nyuma yake nikaona. Penseli nyekundu ilishuka mstari ule kwa mazoea. Ilipofika mwisho wa lishmo'a ikasahihisha herufi moja. Madame alikuwa ameweka alefi mahali pa ayini. Ikarudi kwenye bishvil, ikasimama. Kisha Bwana Shaul akairudisha mfukoni.

"Ni nani kati yenu wachonga mawe aliye mdogo zaidi, wa kuwepo nikishakufa?" akauliza Madame Colette.

Armand akaninyooshea nyundo. Hivyo ndivyo nilivyoteuliwa, msifikiri ni kwa kipaji. Madame akaniuliza kama nitalichonga kwa mkono, kwa sababu Armand alikuwa amekwisha kuleta ile mashine ya kompyuta na Madame alikuwa amesikia habari zake. Na habari zake zilikuwa za kweli: jiwe lake la kwanza la Kiebrania mashine ile ililipanga kutoka kushoto, kama Kifaransa, jina la marehemu likasomeka kinyumenyume, nasi tulisugua siku nyingi kulifuta. Nikasema nitachonga kwa mkono. Béatrice akanong'ona, "Yaya, umesema," kana kwamba nilikuwa nimewahi kusema kitu nikageuka. Ndipo tukala. Bwana Shaul alikula sombe, akauliza jina lake linavyoandikwa.

Sasa Armand hayupo. Bwana Shaul hayupo. Jiwe lake nililichonga mimi, jina na herufi za desturi, hakuna sentensi, kwa maagizo yake. Karakana ina mmiliki mpya, kijana mwema, anafanya kazi nzuri kwa mashine na simlaumu. Mimi nimestaafu, na kidole gumba cha kulia kimevimba kwenye kiungo. Daktari ameniambia niiache nyundo. Nimemwambia nitaiacha nikimaliza jambo moja.

Mwaka jana nilimpelekea yule kijana wa karakana mstari wa Madame Colette, anipangie nafasi za herufi kwenye karatasi kubwa, maana macho yangu haya yamechoka. Akanirudishia kesho yake anatabasamu. "Papa, programu ilipiga mstari mwekundu kwenye neno moja. Nimekurekebishia." Alikuwa ameweka kedei. Kwa roho nzuri kabisa. Nilikaa kwenye basi mpaka nyumbani nikiongea peke yangu, na mama mmoja akahama kiti.

Kwa hiyo ndiyo maana nimeandika. Kama nitatangulia mimi, mmoja wenu ataishika patasi yangu. Nimewafundisha wawili wenu vya kutosha, na mnajijua. Jiwe liko chini, kwenye chumba cha chini ya nyumba yangu, limefunikwa blanketi ya kijivu. Mstari umeandikwa juu yake kwa penseli. Anzeni kulia. Na neno lenyewe: bet, shini, bet, yodi, lamedi. Zipitishieni kidole kilicholowa kila jioni. Mashine ikiwaambia ni kosa, izimeni. Mtu akiwaambia ni kosa, mwambieni ndiyo, na mwendelee kuchonga.

Madame Colette yuko hai, na aliye hai simchongei jiwe; yupo hapo hapo Auderghem, na ana masikio makali kuliko yangu. Hupiga simu kila mwezi. Haulizi nimelalaje wala familia ikoje.

"Mkono?" aliuliza asubuhi hii.

"Upo, Madame."

"Na jiwe langu?"

"Bado ninadaiwa, Madame."

"Vizuri," akasema. "Endelea kudaiwa."